Kuchora ziwa linaloumia bila kuchora postikadi

Simama asubuhi ukingoni mwa ziwa, Luchelele au Bwiru jijini Mwanza, gugumaji likiwa limeingia. Kijani kibichi kimetandaa mpaka mbali, maua ya zambarau yamechipua juu yake, yangeyange wanatembea taratibu wakidonoa wadudu. Pazuri kweli. Hapo ndipo ugumu wa kazi yetu ulipo: madhara mengi yanayolipata Ziwa Victoria yana sura ya kupendeza. Gugu linafanana na shamba lililostawi, mwani, ule ukijani mdogomdogo unaoelea majini, unang'aa, tope la mvua linapata rangi ya dhahabu jua likizama. Mchoraji asiyejua anachokitazama anarudi nyumbani na picha ya kuuzia watalii, na anayeitazama picha hiyo ukutani hatajua kwamba chini ya kijani kile samaki wanakosa hewa.

Ushauri huu ni kwa anayetaka picha yake iseme kilichopo, awe mwanafunzi wa sanaa, mwalimu, au mtu aliyezoea kuchora simba na Kilimanjaro na sasa anataka kuchora kwao.

Kwanza achana na machweo. Mwanza mjini na sehemu kubwa ya ukingo wake, maji yako upande wa magharibi. Maana yake jioni jua liko mbele yako, juu ya maji, na mwanga unaopiga usoni mwa ziwa unageuza kila kitu kuwa fedha na dhahabu. Mwani hauonekani, tope halionekani, chupa za plastiki zinageuka vivuli vidogo vya kupendeza. Ndiyo maana kila duka la vinyago lina picha ya Jiwe la Bismarck, lile maarufu lililosimama majini Mwanza, lenye jua jekundu nyuma yake na hakuna hata moja linaloonyesha hali ya maji. Asubuhi jua liko mgongoni kwako na rangi ya maji inasema kweli. Kaa tayari saa moja kamili, maliza saa tatu na nusu. Baada ya hapo vivuli vinafupika, na kati ya saa sita na nusu na saa saba jua liko karibu na utosi, kila jiwe linakuwa bapa kama chapati.

Sababu ya pili ya kuwahi ni upepo. Usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Kadiri nchi inavyopata joto, unageuka na kuvuma kutoka ziwani. Alfajiri kukiwa shwari mwani hupanda juu na kukaa kama utando, upepo ukianza kukoroga unazama na usoni hubaki mistari tu. Gugumaji nalo husafiri. Kisiwa cha gugu kilichokuwa katikati ya ghuba saa moja kinaweza kuwa kimeziba mwalo, mahali mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, saa tano. Kwa hiyo chora kingo za gugu kabla ya kitu kingine chochote, ndani ya dakika kumi za kwanza, na ukishazichora usizisahihishe hata zikisogea. Anayefukuza gugu kwa brashi asubuhi nzima huishia na picha ya saa tatu tofauti zilizobandikwa pamoja, na vivuli vyake havikubaliani.

Sasa jiwe. Mwanza imejaliwa kitu ambacho mchoraji wa pwani ya mchanga hana: mawe ya itale yasiyohama. Mchanga husogea, matete hukatwa, nyumba hujengwa na kubomolewa, lakini jiwe linabaki na linabeba alama. Tazama jiwe lililo majini kwa karibu, utaona limegawanyika mikanda: chini palipolowa ni peusi, juu yake kuna mkanda wa rangi tofauti ambako maji yalifika na kushuka, na juu zaidi kuna kuvu-mwani (madoa makavu yanayoota juu ya jiwe), kinyesi cheupe cha ndege mnandi na michirizi meusi ya maji ya mvua. Mikanda hiyo ndiyo rula yako. Picha ya mazingira isiyo na kitu cha kupimia ni hisia tu. Yenye jiwe lililochorwa kwa vipimo inaweza kuwekwa kando ya picha ya miaka mitano ijayo na mtu akaona tofauti bila kuambiwa.

Ili vipimo vishike, tengeneza fremu ya kutazamia. Chukua kadi ngumu, kata dirisha la sentimita 15 kwa 20. Pitisha nyuzi mbili za cherehani zikatize katikati, mmoja wima na mmoja mlalo. Funga kamba nyembamba kwenye kadi, piga fundo sentimita 50 kutoka kwenye kadi, uma fundo hilo kwa meno ya mbele na usukume kadi mpaka kamba ikaze. Funga jicho moja. Kwa ubao wa sentimita 30 kwa 40, kila unachopima dirishani kinazidishwa mara mbili. Wapo wanaoona haya kusimama mwaloni na kamba mdomoni. Watacheka watu dakika tano, kisha watazoea.

Kamba hiyo inakupa pia hesabu. Ukitazama kwa umbali wa sentimita 50, sentimita moja ya dirisha inabeba mita 2 za kitu kilicho umbali wa mita 100. Kitu kikiwa mita 25, sentimita moja inabeba nusu mita. Tuseme maji yamepanda nusu mita. Kwenye jiwe lililo mita 100, mabadiliko hayo ni milimita 5 tu ubaoni, unene wa mpigo mmoja wa brashi. Kwenye jiwe la mita 25 ni sentimita 2, na mtu yeyote anayaona. Picha nyingi za "ziwa linabadilika" hushindwa hapa: mchoraji amependa mandhari pana kutoka kilima cha Capri Point, akaweka kila kitu, na badiliko lenyewe likapotea ndani ya unene wa rangi. Sogea karibu. Jiwe moja, mita kumi za ukingo, na mtumbwi mmoja wa kuonyesha ukubwa zinatosha.

Lakini kuwa mwangalifu na unachodai. Usawa wa ziwa una msimu wake: kwa kawaida huwa juu kati ya Mei na Juni baada ya masika, na chini kuelekea Oktoba na Novemba. Ukichora jiwe Mei na ukarudi Oktoba, umechora msimu. Linganisha mwezi kwa mwezi uleule. Halafu sababu zenyewe hazifanani. Maji mengi ya ziwa hili, asilimia 80 hivi, ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu yake, kwa hiyo mvua ikizidi au ikipungua ziwa linaonyesha haraka. Mwaka 2020 maji yalipanda yakavuka rekodi iliyokuwa imedumu tangu 1964, na sababu kubwa ilikuwa mvua. Lakini kushuka kwa mwaka 2006 kulitokana na ukame pamoja na maji mengi yaliyoruhusiwa kutoka kwenye mabwawa ya Jinja, Uganda, ambako Nile inatokea. Mwani wa kijani unalishwa na fosforasi na naitrojeni kutoka vyooni, mashambani na kwenye udongo unaosombwa. Joto na maji yaliyotulia huusaidia. Tope ni mmomonyoko. Plastiki ni sisi. Usiandike "mabadiliko ya tabianchi" chini ya kila picha. Atakayekukosoa kwanza ni mvuvi anayejua maji yale kuliko wewe, na atakuwa na haki.

Kuhusu ubao sitakaa sana. Hadibodi moja ya futi 4 kwa 8, yenye unene wa milimita 3, inatoa vipande 24 vya sentimita 30 kwa 40 na chenga kidogo. Mwombe fundi seremala akukatie palepale. Paka gundi nyeupe ya mbao, sehemu 1 kwa sehemu 2 za maji, pande zote mbili pamoja na kingo. Ukipaka upande mmoja tu, ubao unapinda kwa unyevu wa ziwa ndani ya wiki chache. Ikikauka, paka rangi nyeupe ya ukutani, ile ya maji isiyong'aa, mara mbili, ukisugua kwa msasa namba 220 kati ya mkono na mkono. Kwa picha unayotaka idumu miaka mingi nunua jeso, rangi maalumu ya kuandalia ubao, badala ya rangi ya ukutani. Mwisho, funika weupe wote kwa nyekundu ya oksidi iliyozimuliwa. Ubao mweupe juani unapofusha, na ukipofushwa unachanganya rangi nzito kupita kiasi. Ukifika nyumbani picha ni giza. Wekundu unaochungulia kati ya mipigo pia unazuia kijani kisipige kelele, na kwenye kazi hii kijani ndicho adui wako mkubwa.

Tumia rangi ya akriliki ukiwa nje. Rangi ya mafuta ya wasanii ni nzuri, lakini haikauki siku hiyo, na kuna asubuhi ambapo wadudu wadogo wa ziwani hupanda kwa mamilioni wakaonekana kwa mbali kama moshi juu ya maji. Wakifika ukingoni wanaganda kwenye rangi mbichi. Ukiwatoa wakiwa wabichi wanaacha michirizi. Subiri rangi ikauke kisha wapanguse kwa brashi kavu. Tatizo la akriliki ni kinyume chake: upepo na jua vinaikausha kwenye paleti, kibao cha kuchanganyia, kwa dakika chache. Tandika kitambaa kilicholowa kwenye sinia, juu yake karatasi ya kuokea, na uchanganyie hapo. Chupa ya kunyunyizia iwe karibu, ila usiirefushe rangi kwa maji zaidi ya theluthi moja, maana gundi iliyo ndani yake inaishiwa nguvu na rangi itatoka kama unga ukiipangusa.

Mirija sita inatosha: nyeupe, njano ya limau, njano ya udongo, nyekundu ya oksidi, buluu ya ultramarini na kahawia iliyokolea. Nyeusi iache dukani. Ultramarini na kahawia kwa kiasi sawa vinatoa weusi ulio hai zaidi.

Maji ya ziwa hili yana hali nne ambazo lazima uzitofautishe. Maji ya wazi asubuhi yana ukijivu kuliko watu wanavyodhani: sehemu 4 nyeupe, 2 ultramarini, 1 kahawia. Wanaoanza huweka buluu ya Bahari ya Hindi, na hapo Mwanza inageuka Zanzibar.

Maji ya tope utayapata mvua ikishanyesha, hasa pale Mto Mirongo unapoingia ziwani baada ya kupita katikati ya mji na kubeba kila ulichokuta. Changanya sehemu 4 nyeupe, 2 njano ya udongo, 1 nyekundu ya oksidi na ncha ya ultramarini. Ufundi uko kwenye mpaka wake. Maji ya mto hayajichanganyi na ya ziwa mara moja. Kuna mstari unaoonekana, na upande wa mbele una povu na taka zilizojipanga. Chora mstari huo kwa ukali, bila kuulainisha. Ukiulainisha, mtazamaji ataona kivuli cha wingu.

Mwani ni sehemu 3 njano ya limau, 1 ultramarini, 1 nyeupe na robo ya nyekundu ya oksidi. Bila ile nyekundu unapata kijani cha plastiki. Usiupake kama rangi ya maji yenyewe. Chora kwanza maji ya kijivu, yaache yakauke, kisha buruta mwani juu yake kwa brashi bapa iliyo karibu kukauka, ukifuata mwelekeo wa upepo. Karibu na mawe, ambako unarundikana, weka mzito kwa kisu cha rangi, na kwenye kingo ongeza nyeupe kidogo na buluu kidogo zaidi, maana mwani unaokufa hubadilika kuwa na ubuluu wa maziwa. Tahadhari: mwani huu unaweza kuwa na sumu. Usioshee brashi humo wala usinawe. Beba maji yako, lita 5 kutoka nyumbani.

Hali ya nne ni gugumaji, na hapa tukae kidogo. Watu huchora majani. Anza na kisichokuwepo: taswira. Maji ya wazi yanaonyesha jiwe, mtumbwi na mawingu juu chini. Gugu linafuta vyote. Chora taswira ya jiwe upande mmoja, ikifika kwenye gugu uikate ghafla. Mkato huo unasema "maji yamefunikwa" kwa nguvu kuliko majani elfu moja. Pili, weka mstari mweusi wa milimita 2 au 3 pale gugu linapokutana na maji: ultramarini na kahawia, bila nyeupe. Huko chini mwanga haufiki na hewa ni haba, na macho ya mtazamaji yanaelewa kina hicho bila maelezo. Tatu, jani la gugu lina nta. Jua likiwa mgongoni kwako, uso wake unarudisha rangi ya anga, kwa hiyo sehemu inayong'aa ni nyeupe yenye ubuluu, wala haina njano. Majani mazee ya kingoni yana kahawia na matobo. Wapo fukusi walioletwa makusudi miaka ya 1990 ili walile, na alama zao ni madoa madogo ya rangi hafifu kwenye jani. Ukiyaona kwa karibu, yachore. Maua yaweke mwisho na uyabanie sana. Ua lina doa la njano kwenye petali ya juu, linavutia jicho mno, na ukiweka matano mahali panapotosha moja, umerudi kwenye postikadi.

Kisha tafuta gugu limezuia nini. Mtumbwi uliokwama, mtu anayesukuma kwa pondo badala ya kupiga kasia, chanja za dagaa zilizo tupu. Gugu linaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi, kwa hiyo picha mbili za mahali pamoja zilizopishana kwa siku kumi na nne zikitundikwa pamoja zina maneno mengi kuliko moja kubwa. Na ukipenda kuchukua mabua yake utengeneze karatasi, yakaushe palepale ukingoni. Usibebe gugu bichi kwenda karibu na bwawa au mto mwingine.

Geuka pia utazame vilima, maana tope lilianzia huko. Jiwe lililosimama kwenye mteremko linaonyesha udongo ulioondoka: juu limekomaa, lina kuvu-mwani na michirizi meusi, lakini chini kuna mkanda safi, mweupe au wenye uwaridi, uliokuwa umefukiwa. Pima mkanda huo kwa utepe kabla ya kuuchora. Rangi yake ni nyeupe, nyekundu ya oksidi kidogo sana na ultramarini kidogo. Mizizi iliyoning'inia, ngazi za nyumba zilizobaki hewani, mtaro uliokuwa mfereji mwembamba: hivyo ndivyo vya kuchora. Nyumba za milimani zenyewe zichore kwa heshima. Wenye nyumba hizo ndio wanaoumia kwanza mvua ikizidi, na picha inayowafanya waonekane kama uchafu wa mandhari ni uonevu wa mchoraji.

Mwaloni kuna wenyewe. Nenda kwa uongozi wa mwalo kabla hujatoa ubao. "Shikamoo mzee, naomba nikae kwenye jiwe lile nichore mpaka saa tatu" hufungua milango mingi kuliko kibali cha maandishi. Na ukiweza kutanguliza "mwangaluka", salamu ya asubuhi, kwa wazee wa Kisukuma, vizuri zaidi. Waeleze kama utachora nyuso za watu. Bandarini, kwenye vivuko na uwanja wa ndege usikae bila ruhusa ya wahusika. Usisimame majini hata yakiwa ya vifundoni: konokono wa kichocho wanapenda maji ya kina kifupi yenye majani. Vaa mabuti, na piga nyasi kwa fimbo kabla ya kukaa, maana gugu lililotupwa ukingoni ni kikao cha nyoka.

Maji ya kuoshea brashi ni sehemu ya kazi. Sanaa ya Tingatinga iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1968 ilisimama juu ya hadibodi na rangi ya mafuta ya kung'aa, na hakuna ubaya, ila rangi hiyo inaoshwa kwa thina, na thina iliyomwagwa mtaani Kirumba inaishia mahali palepale unapochora. Akriliki nayo ni plastiki. Pangusa brashi kwa tambara mpaka isiache alama, ndipo uitie majini. Nyumbani, kusanya maji machafu kwenye ndoo. Kwa kila lita 4 tia kijiko cha chai cha shabu iliyosagwa, koroga, kisha kijiko cha chai cha chokaa iliyozimwa, koroga tena. Vaa glavu, chokaa inachoma. Acha mpaka kesho. Rangi itaganda na kutuama. Kama maji bado yana ukungu, rudia kwa nusu ya kipimo. Chuja kwa kitambaa kizito, tope likikauka litupe na taka ngumu, na maji yaliyobaki tumia kuoshea brashi siku inayofuata.

Nyuma ya ubao, kabla ya kuuweka begani, andika kwa kalamu ya risasi: tarehe, saa, mahali uliposimama kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kupafikia, jiwe gani, umbali wako na jiwe hilo, na umbali wa maji kutoka kwenye alama isiyohama, uliopimwa kwa utepe. Andika pia kama mvua ilinyesha siku iliyotangulia. Jina la picha linaweza kusubiri.